Nitajuaje kama gari yangu ina LSD kweli au muuzaji kanipiga?

TairiMoja:

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nina miezi miwili na BMW E36 325i, gia za mkono. Aliyeniuzia alikuwa na maneno matamu balaa, kila baada ya sentensi mbili ni LSD (limited slip differential, yaani difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili yanayovuta, ya aina isiyoacha tairi moja lizunguke peke yake), "hii ina LSD hii, sio kama zile unazoziona barabarani", na bei nayo akaipandishia hapo hapo kwenye LSD. Mimi nikaingia kingi.

Sasa juzi mvua imenyesha, nimeegesha upande mmoja uko kwenye lami upande mwingine kwenye majani mabichi, nataka kutoka nakanyaga mafuta, tairi la kwenye majani linazunguka peke yake kama feni na lile la kwenye lami limetulia tuli wala halina habari. Nikajiuliza LSD gani hii.

Nikarudi nyumbani nikapiga jeki nyuma, matairi yote mawili juu, gia fri, nikazungusha la kushoto kwa mkono. La kulia likazunguka kinyume. Na ninavyosikia likienda kinyume ndio basi tena hakuna LSD hapo. Nikauliza mafundi wawili, wa kwanza anasema BMW zote zina LSD toka kiwandani kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, wa pili akaniambia niangalie taa ya LSD kwenye dashibodi. Taa niliyoiona ni ya ABS na haizimi, hiyo ni mada nyingine.

Kuna njia ya uhakika ya kujua bila kufungua difu? Nawasilisha.

SpanaMkononi:

Mkuu umepigwa. Yakienda kinyume ni difu ya kawaida, yakienda upande mmoja ni LSD. Mada ifungwe.

MzeeWaPinioni:

Mada isifungwe kwanza. SpanaMkononi hujakosea ila umejibu nusu. Hilo jaribio la kuzungusha kwa mkono linafaa kwa aina moja ya LSD, tena ikiwa bado nzima, nje ya hapo linadanganya watu kila siku. LSD ni jina la kazi tu wakuu, na kazi hiyo inafanywa na vyuma tofauti kabisa, kwa hiyo kabla hujauliza "ninayo au sina" jiulize gari yako ilitakiwa iwe nayo ya aina gani, maana kila aina ina jaribio lake.

Tuanze na difu ya kawaida. Krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na propela (shafti inayotoka giaboksi), imefungwa kwenye kikapu na ndani ya kikapu kuna zile gia ndogo tunaita spaida, ndizo zinazoshikana na ekseli mbili. Ukikata kona tairi la nje linasafiri zaidi ya la ndani, spaida zinajizungusha kidogo na kila tairi linapata mwendo wake. Ila nguvu inagawa sawa kwa sawa muda wote, na hapo ndipo kwenye shida, kwa sababu tairi lililo kwenye majani mabichi linahitaji nguvu kiduchu tu ili lianze kuzunguka, na mwenzake wa kwenye lami anapewa kiduchu hicho hicho. Gari haiondoki.

LSD ya pleti ina kikapu hicho hicho na spaida hizo hizo, ila pembeni zimepangwa pleti kama za klachi ya pikipiki, moja inashika kikapu, inayofuata inashika upande wa ekseli, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kuna springi inazibana muda wote hata gari ikiwa imezimwa, huo ndio mkazo wa awali, na nyingi pia zina miteremko ndani yake ambayo ukikanyaga mafuta inasukuma pleti zibanane zaidi. Hii ndiyo ambayo ukiizungusha kwa mkono tairi la pili linafuata upande ule ule. Lakini inafuata kwa sababu ya ule mkazo wa springi, basi. Pleti zikiisha mkazo unapotea na matairi yanakwenda kinyume kama difu ya kawaida kabisa. Umeona TairiMoja? Jibu ulilopata linaweza kuwa "haina" na linaweza kuwa "inayo ila imechoka", na kwa mkono hutajua ni lipi.

Ya pili ni ya gia, Torsen na ndugu zake. Hizo nyingi hazina pleti wala springi ya maana, zinafanya kazi kwa msuguano wa gia zilizokatwa mshazari, zikisukumwa zinajibana. Ukiinua matairi yote mawili ukazungusha kwa mkono hakuna kinachozisukuma, kwa hiyo nyingi zitakwenda kinyume hata zikiwa mpya. Watu wameng'oa Torsen nzima wakauza kama difu ya kawaida kwa sababu ya jaribio hilo hilo, halafu aliyenunua anacheka mwenyewe. Hesabu yake ni kwamba inampa tairi lenye mshiko labda mara mbili au mara tatu ya kile anachoshika mwenzake, na kama mwenzake yuko hewani anashika sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri.

Ya tatu ni ya viskasi. Ndani kuna sahani nyembamba nyingi zenye matundu, zinaogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Ukizungusha taratibu inakwenda, ila unasikia inakuvuta kama unakoroga asali ya baridi. Ukijaribu kuzungusha haraka inagoma. Na hii ikizeeka hailii wala haivuji, inalegea polepole tu mpaka siku unashtuka huna LSD. Mazda MX-5 zinawachanganya watu sana hapa, za mwanzo za 1.6 zilizokuja na LSD ni viskasi, za 1.8 kuanzia 1994 zilizokuja nayo ni Torsen. Jina la gari moja, muda ule ule wa miaka michache, majaribio mawili tofauti.

Sasa kwa gari yako. E36 325i iliyotoka kiwandani na LSD ni ya pleti, kwa hiyo jaribio la mkono lina maana kwako, ila uliweka gia fri na hapo umejichanganya. Ukiweka fri propela inaweza kuzunguka, kwa hiyo tairi la pili linaweza kwenda kinyume, linaweza kusimama tu, inategemea giaboksi ina uzito gani na breki zinagusa wapi. Rudia hivi: kabari matairi ya mbele pande zote, nyuma weka stendi usiamini jeki, hendibreki shusha, gia weka namba moja, injini imezimwa. Hapo propela imeshikwa na kompreshini ya injini. Kama ni otomatiki unaweka P. Zungusha tairi moja, kama ni difu ya kawaida litazunguka kirahisi na mwenzake kinyume chake, kama ni LSD ya pleti yenye afya itakubidi ushike kwa mikono miwili na linaweza lisiende kabisa.

Na huyo fundi aliyesema BMW zote zina LSD muulize vizuri tena, hiyo ilikuwa ni oda ya kulipia kwenye modeli nyingi. Kwenye orodha ya vifaa ya gari yako, ile inayotolewa kwa namba ya chasi, inaandikwa kodi 209, yaani namba ya kiwandani ya LSD. Tafuta hiyo.

BintiGirisi:

Mzee kamaliza upande wa kuzungusha, mimi niongezee upande wa kusoma maana kabla ya kupiga jeki kuna vitu vya bure vya kuangalia.

BMW za zamani zina tagi ya bati imeshikwa na boliti ya kifuniko cha nyuma cha difu. Lala chini na tochi na brashi ya waya, itakuwa imeliwa na kutu au imefunikwa na mafuta na vumbi. Ukikuta namba ya rasio (uwiano wa gia za difu) peke yake, mfano 3.15, ni ya kawaida. Ukikuta S mbele ya namba, S 3.15, ni LSD. Hiyo S ni ya neno la Kijerumani la kufunga.

Ford za ekseli ya nyuma wao wanaweka herufi katikati ya namba, tagi inasoma 3L73 badala ya 3 73, hiyo L imekaa palepale ambapo ingekaa nukta na ndiyo inayokwambia. Pikapu za GM kuna stika ya kodi ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, unatafuta G80. Ila G80 ya pikapu mara nyingi ni difu la Eaton linalojifunga lenyewe matairi yakipishana mzunguko kwa kama 100 kwa dakika, kwa hiyo ukizungusha pole pole kwa mkono utaapa mbele za watu kwamba ni difu ya kawaida. Toyota wana kibati kwenye mlango au chini ya boneti chenye mstari wa ekseli, kodi fupi ya herufi na namba, ya mwisho ndiyo inabeba habari za ndani ya difu, lakini maana yake usiibebe kutoka gari moja kwenda nyingine, linganisha na katalogi ya spea ya modeli yako. Magari ya kuvuta mbele hayo sahau tagi, LSD iko ndani ya giaboksi, unakwenda na kodi ya giaboksi pamoja na jaribio la mkono.

Halafu angalia stika au maandishi karibu na tundu la kujazia oili. Ikisema itumike oili ya LSD tu, kuna sababu imeandikwa.

Sasa ubaya wa tagi na kodi zote hizi ni kwamba zinakwambia gari ilivyozaliwa. Difu inatoka kwa boliti chache tu, na gari ya miaka thelathini imepita mikononi mwa watu. Mimi nimewahi kununua difu la mtumba lina tagi ya S safi kabisa, inang'aa, nikafurahi. Kuifikisha karakana naangalia vizuri, difu lote limeshika kutu la miaka na oili kavu, ile boliti moja tu iliyoshika tagi imefunguliwa juzi juzi, kichwa cheupe na alama mpya ya spana. Tagi imehamishwa kutoka difu lingine. Nikafungua kifuniko nikakuta spaida zinanitazama wazi wazi hakuna pleti hata moja. Kwa hiyo TairiMoja ukikuta S usishangilie mpaka uangalie na boliti inafananaje na wenzake.

Moshi_Mweupe:

Mnahangaika na majeki na tagi. Nenda sehemu ya wazi, gia ya kwanza, achia klachi piga moshi, shuka angalia chini. Mistari miwili LSD, mstari mmoja huna. Dakika moja umemaliza.

MzeeWaPinioni:

Mstari mmoja sawa, huo unakwambia kitu. Mistari miwili haikwambii chochote. Kwenye lami kavu matairi yakiwa yanafanana na yana mshiko sawa, difu ya kawaida itazungusha yote mawili vizuri tu maana nguvu imegawanyika sawa na yote yameshindwa kwa pamoja. Hasa gari kama E36 ambayo difu imefungwa kwenye bodi. Zile za ekseli moja nzima nyuma tofauti, propela inapojisokota inapunguza uzito kwenye tairi la kulia ndio maana mara nyingi utaona mstari mmoja wa kulia. Jaribio la barabarani lenye akili ni lile alilolifanya yeye bila kujua, tairi moja kwenye lami na lingine kwenye majani au kokoto.

Na kwa kuwa tumefika huko ngoja niseme hili kabisa kabla mtu hajaumia. USIPIGE jeki tairi moja, lingine liko chini, halafu ukawasha injini na kuingiza gia "uone kama itazunguka". Kama LSD ipo na ni nzima, lile tairi lililo chini ndilo litakalovuta, na gari itaruka kutoka kwenye jeki. Enzi za ujana wangu nilifanya upuuzi huo na gari ya mteja, nilikuwa nimeinama pembeni nasikiliza beringi, mwenzangu ndani akaachia klachi kidogo tu. Gari iliondoka kama imeitwa, jeki ikalala ubavu, bampa likaenda kuingia kwenye meza ya vaisi. Mguu wangu ulikuwa umetoka chini ya kizingiti cha mlango sekunde mbili kabla. Jibu nililipata, LSD ilikuwepo.

PikapuLangu:

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi Toyota Tundra ya 2008 ya kuvuta nyuma tu, kuna swichi nikiibonyeza inawaka AUTO LSD kwenye dashibodi. Si ndio nimeshamaliza hapo? Sina haja ya kulala chini?

BintiGirisi:

Hapana ndugu yangu, na jina hilo limewapoteza wengi. Hiyo ni breki. Kompyuta inasoma sensa za ABS, ikiona tairi moja linazunguka kupita mwenzake inalibana breki, na difu yako ambayo ni ya kawaida inadhani tairi hilo limepata mshiko, basi inapeleka nguvu upande wa pili. Inasaidia kweli kukutoa kwenye tope, sio uongo, ila ukiilazimisha muda mrefu breki zinachemka na mfumo unajizima wenyewe ili zipoe. Ukiipiga jeki injini imezimwa ukazungusha utakuta kinyume, na hapo jibu ni sahihi.

Na usichanganye na zile zenye swichi ya difuloki, hiyo inafunga ekseli mbili kuwa kama chuma kimoja na ukiizima inarudi difu ya kawaida. Ipime ukiwa umezima utapata kinyume, ipime ikiwa imejifunga haipindi.

TairiMoja:

Wakuu nimerudi na ripoti, nimekula vumbi siku nzima.

Tagi ipo! Nimeisugua na brashi ya waya na mafuta ya taa karibu robo saa, imetokeza S halafu 3.15. Boliti yake nimeangalia kama BintiGirisi alivyosema, ina kutu sawasawa na wenzake wote na rangi ile ile ya uchafu, hakuna alama ya spana. Orodha ya namba ya chasi nayo nimeipata na 209 iko humo. Kwa hiyo kwa makaratasi jamaa hakunidanganya.

Ila jaribio la mkono nimerudia kama Mzee alivyoelekeza, stendi mbili, gia namba moja, hendibreki chini. Tairi linazunguka, na mwenzake kinyume. Sio laini kabisa lakini, kuna kauzito fulani, linashika kidogo linaachia, linashika linaachia. Kwa mkono mmoja naliweza. Nikajaribu na pale kwenye majani tena, safari hii nikavuta hendibreki meno mawili huku nakanyaga mafuta taratibu, gari ikatoka yenyewe bila kusukumwa. Je hiyo ndio LSD imefanya kazi?

Na nikikata usukani mpaka mwisho wakati wa kuegesha hakuna mlio wowote. Nimesoma LSD ya pleti inatakiwa inguruke kidogo.

BintiGirisi:

Hiyo ya hendibreki usiihesabu, hata difu ya kawaida inasaidika nayo, unalipatia tairi linaloteleza kitu cha kupambana nacho na upande wa pili unapata sawa na hicho. Ukiwa na LSD unapata zaidi, ila kwa kiti cha dereva huwezi kupima hiyo zaidi ni kiasi gani.

Kunguruma kwenye kona za polepole kunategemea sana oili. Oili ya difu isiyo na dawa ya LSD inafanya pleti zishike na kuachia kwa kishindo, unasikia mtetemo nyuma kama mtu anakokota kabati sakafuni. Oili sahihi inanyamaza. Aliyezidisha dawa naye inanyamaza, ila pleti zinateleza kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kimya chako kinaweza kuwa oili nzuri, oili iliyozidishwa dawa, au pleti hazipo tena za kunguruma.

MzeeWaPinioni:

Huko kushika na kuachia ndiko kunaniambia. Difu ya kawaida haina tabia hiyo, inazunguka laini mwanzo mwisho labda beringi iwe imekufa. Nadhani unayo na imechoka. Ila usinunue pleti kwa "nadhani" yangu, pima.

Shusha tairi moja la nyuma chini, lingine liache juu kwenye stendi, kabari mbele, hendibreki chini, gia FRI safari hii, injini imezimwa na funguo weka mfukoni kwako. Toa kikombe cha katikati ya rimu utaona nati ya ekseli. Weka soketi na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kuzungusha, zungusha upande wa KUKAZA ili usije ukailegeza, usiogope hiyo nati imekazwa na nguvu nyingi mno kuliko utakayotumia. Tairi la chini haliendi kokote kwa hiyo ili hili la juu lizunguke lazima pleti ziteleze. Nguvu inayohitajika kulianzisha ndiyo mkazo uliobaki. Difu ya kawaida itaenda kwa nguvu ndogo sana, uzito wa propela na oili tu. Yenye afya utaisikia mgongoni. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha ufundi cha difu husika, usichukue namba ya gari nyingine.

Mara tatu mara nne zungusha, sio mara moja, ya kwanza huwa inadanganya kama gari imelala muda mrefu.

Halafu mwaga oili usiku huo huo uiangalie kwenye chombo cheupe.

SpanaMkononi:

Kumbe. Basi mimi nilifunga mada mapema.

TairiMoja:

Nimepima. Nimeazima toki renchi ya klik, ile inayolia klik ikifika nguvu uliyoiseti. Nikaanza na Nm 40, tairi linazunguka kabla haijalia. Nikashusha 30, linazunguka. 20, linazunguka. 15, linazunguka, hapo nikaanza kukata tamaa. Nikaseti 10, klik, tairi halijasogea. Nikarudia mara nne pande zote mbili majibu ni yale yale, kati ya 10 na 15. Halafu kinachonishangaza likishaanza tu kuteleza linakuwa jepesi kabisa, kama limekatika.

Oili nimemwaga kwenye ndoo nyeupe ya rangi. Nyeusi kama wino, na harufu ya kuungua. Chini imebaki kitu laini cha kijivu, ukikipikicha kwenye vidole hakina chembe kinateleza tu, vidole vinang'aa kama umesaga risasi ya penseli. Vipande vikubwa vya chuma hakuna.

MzeeWaPinioni:

Huo unga wa kijivu ndio pleti zako. Kutokuwepo vipande ni habari njema, gia na beringi zimepona. Difu ya kawaida haiachi tope la namna hiyo kwa wingi, haina kitu cha kusagika hivyo.

Na inaeleza siku ile ya majani. Ile miteremko ya ndani inahitaji nguvu ipite ndipo isukume pleti, tairi likiwa kwenye utelezi kabisa nguvu haipiti, kwa hiyo dakika ile ya kwanza unategemea springi na pleti tu, na zako zimebaki kama kumbukumbu. Ukiwa barabarani kavu unakata kona kwa kasi bado inakusaidia kidogo ndio maana aliyekuuzia labda alikuwa anaamini anachosema.

Ukifungua pima unene wa kila pleti kwa maikromita, andika kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, usizichanganye. Mpangilio ndio unaoamua inabana kiasi gani, ukikosea mmoja unaweza kurudi na difu inayobana kupita kiasi au isiyobana kabisa. Na pleti mpya ziloweke kwenye oili ya LSD usiku kucha kabla ya kufunga, usizifunge kavu.

Moshi_Mweupe:

Kwa hiyo jamaa alipigwa au hakupigwa?

BintiGirisi:

Kapigwa nusu. Kauziwa LSD iliyostaafu.

TairiMoja:

Jumamosi nafungua. Nikikuta tofauti na mlivyosema nitakuja kulia hapa hapa, picha za pleti nitaweka moja moja na namba zake. SpanaMkononi wewe uliyefunga mada yangu ndio utakuja kushika tochi.

SpanaMkononi:

Nakuja. Stendi ziwe nne.